Deki ya Mama Haipigwi kwa Tambara

Nyumbani, mezani jikoni,
Jumapili, tarehe 17 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Kabla hujauliza mbona kimya, naomba radhi mimi mwenyewe. Barua hii nimeianza mara nyingi. Karatasi ya kwanza pacha mkubwa aliitafuna. Ya pili pacha mdogo alinichorea ng'ombe ambaye hata yeye mwenyewe hakumtambua. Ya tatu niliilalia usingizi, nikaamka wino wote umehamia shavuni, shemeji yako akanitazama kwa makini akaniuliza huyo "Mpendwa" niliyemwandika usoni ni nani. Basi usiuhesabu ukimya wangu kuwa ni jeuri. Ni uchovu tu, Kaka. Uchovu wa mtu mwenye mikono miwili na watoto wawili na mama mmoja asiyetaka kusaidiwa.

Hali yako? Mgongo umeacha kukusumbua? Wifi yangu hajambo? Na yule binti yenu, meno ya mbele yameota au bado anacheka kama bibi yake? Tuambieni, maana picha mnazotuma zote amefunga mdomo.

Sisi huku wazima. Wapwa wako wanakimbia sasa, na kila mmoja ana upande wake wa kukimbilia. Shemeji yako yupo, lori analoendesha limepata matairi mapya na yeye amepata kikohozi, nitakueleza kikohozi hicho kimetoka wapi. Mama hajambo. Ameniagiza nikuandikie kuwa hajambo, na nisiongeze neno jingine juu ya afya yake kwa kuwa yeye si gazeti. Mimi nitaongeza.

Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Nikitamka "nguzo" tu, wewe umeshafika kwenye taa za mapambo. Karatasi haikatizwi. Kaa chini, wifi akupe chai, nikufahamishe gharama ya kitu ulichokiita deki. Tarakimu zenyewe shemeji yako atakutumia kwa ujumbe, yeye ndiye mwenye mkono wa hesabu. Mimi nakueleza maana yake, tena kwa kipimo ambacho wewe na mimi tunakijua: lile friji letu dogo ulilotununulia wewe mwenyewe ukalia bei.

Kwanza tuizike ile aibu, kila mtu atupie udongo wake.

Ulipiga simu, upepo unavuma upande wako, ukasema, "Mdogo wangu, nataka Mama apate deki nzuri pale nyuma ya nyumba. Uliza gharama, uniambie." Nikaitazama simu. Deki! Na sakafu nilikuwa nimetoka kuipiga muda huo huo, mgongo bado umepinda. Nikajiuliza ni mgeni gani aliyefika kwetu akaenda kukusimulia kuwa naishi kwenye uchafu. Lakini wewe ni mkubwa wangu. Nikameza mate, nikakutumia gharama: ndoo mpya, tambara, na sabuni, tena nikachagua ile inayonukia.

Ukajibu kwa furaha, "Hiyo tu? Bei nzuri mno! Basi fanya kubwa, ifike mpaka kwenye ukuta wa jirani."

Kaka, niliipiga deki mpaka kwenye ukuta wa jirani. Ule ukanda wa simenti ulikubali. Ukiuvuka huo ni udongo mtupu, na udongo ukipigwa deki unazaa tope. Jirani yetu fundi cherehani akachungulia juu ya ukuta.

"Mama Pacha, unafanya nini?"

"Napiga deki."

"Udongo?"

"Kaka ameagiza."

Akaitazama ndoo, akanitazama mimi. Halafu akasema kwa huruma, "Huko alikoenda kuna baridi kali sana, eti?" Akarudi kwenye cherehani yake.

Na wewe ukapiga tena. "Deki imekamilika?" Nikakujibu kwa fahari, "Imekamilika, inang'aa." Ukauliza, "Mama amekaa juu yake?" Nikasema, "Bado haijakauka." Ukaniambia, "Sawa sawa, msimharakishe, iacheni ikauke siku mbili tatu." Nilibaki na simu mkononi nikiwaza, kaka yangu amesahau jua la kwao.

Mpaka ulipotuma ile picha ndipo tukaelewa. Kumbe deki yako ni ya Kiingereza: sakafu ya mbao imetokeza nje ya nyumba, ina viti, ina watu wanacheka wameshika bilauri. Shemeji yako alicheka akakaa chini. Mama aliitazama picha kwa muda mrefu, akauliza, "Sasa hii sakafu imetoka nje kutafuta nini?"

Nilicheka na mimi. Halafu nikaona ulichokuwa umekiona, nikaacha kucheka.

Unajua nyumba ilivyokaa. Mbele ni barabara, vumbi na pikipiki. Maisha yako nyuma: kamba ya nguo, kuku, matuta ya mboga ya Mama. Lakini mlango wa nyuma uko juu na ardhi iko chini, na zile ngazi za mawe alizojenga marehemu Baba kwa mikono yake hazina hata mbili zinazolingana. Mtu mzima wa miguu anashuka akiwa anahesabu. Mama, tangu nyonga yake iliyovunjika iunganishwe, anatembea kwa fremu ya chuma ya miguu minne. Fremu na ngazi za Baba hawapatani.

Shemeji yako alimbeba mgongoni mara moja, akamshusha uani. Mama alikaa kidogo tu, akadai arudishwe. Akaniambia, "Mgongo wangu umebeba watoto, umebeba kuni, umebeba maji. Sikuzaliwa kuwa mzigo wa mtu." Tangu siku hiyo kiti chake kikahamia dirishani. Akawa anawafokea kuku kupitia dirisha. Kuku walizoea, hawakugeuka.

Yule daktari wa mazoezi aliniita pembeni. Akaniambia miguu isiyo na pa kwenda husahau kwenda. Kitanda, dirisha, kitanda, dirisha. Mvua nyingine zikimkuta humo humo, tusitarajie tena kumwona amesimama. Sikukuambia kwenye simu, kwa sababu Mama alikuwa ananisikiliza. Hata sasa ameuliza naandika nini, nikamwambia bei ya mbao.

Nimeacha kidogo. Pacha mdogo alikuwa ndani ya ile ndoo mpya.

Basi nikaenda kuuliza bei, na hapo ndipo nilipojifunza kuwa mafundi hawaulizi unataka nini, wanasikia umekiitaje. Neno likibadilika, bei inabadilika, na kitu chenyewe kinabadilika.

Kwa fundi vitanda wa hapa nyuma nilisema, "Sakafu ya mbao, ya kukaa juu yake, ina miguu." Akasikia kitanda. Akachora kitanda kikubwa ambacho sijawahi kukiona, na kichwani akaniwekea maua ya kuchonga. Akaniuliza kwa heshima kabisa, ameinamisha macho, "Dada, watalala wangapi?"

Nikaondoka. Shemeji yako akasema mimi sijui kueleza, ngoja aende yeye. Akaenda kwa mwingine, akasema, "Nataka jukwaa nyuma ya nyumba."

Kaka, jukwaa! Yule bwana kazi yake ni kufunga majukwaa ya harusi na mikutano, anakodisha kwa siku. Alimshika shemeji yako mkono kwa mikono miwili. "Mheshimiwa, unagombea nini?" Shemeji yako akasema hagombei chochote. Na wewe unajua, hakuna jibu linalowathibitishia watu kuwa mtu anagombea kama hilo. Kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulikuwa na habari. Fundi cherehani alikuja kuuliza fulana zitashonwa wapi. Mama wa genge alikuja na malalamiko ya mtaro. Shemeji yako mwanzoni alikana, halafu akaanza kusema, "Suala la mtaro tunalitazama." Hapo ndipo kilipoanzia kikohozi nilichokutajia: siku hizi hasemi neno kabla ya kukohoa kwanza na kutazama kushoto na kulia. Jana alikohoa kabla ya kuomba chumvi.

Nikamwambia akae nyumbani. Nikaenda mwenyewe kwa fundi mwanamke wa kule kwenye maghala ya mbao, watu wanamwita Bi Randa. Yeye nilimwambia, "Nataka kibaraza cha mbao, nyuma, mlangoni." Nikamwonyesha picha yako. Hata hakuishika.

"Nani atakaa?"

"Mama yangu."

"Anatembea?"

"Kwa fremu."

"Basi usinionyeshe picha. Nionyeshe mama."

Nikamleta. Ana sauti ya mtu aliyezoea kushindana na msumeno, na anatoza hata ushauri, usidhani ni malaika. Mama alimtazama kuanzia kilemba hadi viatu.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Mwanamke?"

"Mbao hazijawahi kuniuliza."

Mama alicheka mpaka akajishika nyonga. Halafu Bi Randa akamwomba asimame na fremu yake, katikati ya chumba, ageuke. Mama akageuka kidogo. "Hapana Mama, geuka mzima. Geuka kama mtu aliyetoka kwenye ugomvi akakumbuka neno la mwisho." Hapo Mama alielewa vizuri sana. Aligeuka na fremu yake yote, kidole juu. Bi Randa akaupima ule mgeuko sakafuni kwa chaki. Akasema huo ndio upana wa kuanzia, na ukijenga chini ya hapo mama akitoka atarudi kinyumenyume kama lori.

Sasa gharama, Kaka. Soma polepole.

Wewe na mimi tulidhani kibaraza ni mbao zile unazozikanyaga. Hizo ni uso tu. Pesa iko miguuni. Pale kwetu ardhi inakimbia kushuka, kwa hiyo ili sakafu iwe sawa na mlango, nguzo za mbele zinatakiwa ziwe ndefu, na kila nguzo inataka shimo lake, zege lake, na kiatu cha chuma ili mbao isiguse udongo. Ikigusa udongo mchwa wanakuja na jamaa zao. Juu ya nguzo kuna maboriti. Hayo yote ambayo hakuna mgeni atakayeyasifia ni friji mbili nzima.

Mbao za juu, zilizotiwa dawa, ni friji moja na nusu. Bi Randa anaacha mwanya kati ya ubao na ubao, maji yapite, lakini mwembamba kiasi kwamba mguu wa fremu hauzami. Ufundi ni friji moja, na chakula cha mafundi ni juu yangu, nao wanakula kwa bidii kuliko wanavyopiga randa.

Halafu kuna vidogo. Mimi sikujua skrubu ni mali! Nikasema tupige misumari. Bi Randa akaniuliza kama nataka kibaraza au nataka mtego, maana jua likipinda ubao, msumari huchomoza kichwa kutazama nani anapita. Basi skrubu, na bei yake pasi mbili za umeme. Gari la mbao nalo halikuingia kwenye kichochoro chetu, tukakodi mikokoteni, hiyo ni redio moja ya kawaida. Vidogo hivi shemeji yako alivilipa kimya kimya, na nguo ya sikukuu aliyoniahidi imegeuka skrubu. Sijalalamika. Ninazikanyaga kila siku.

Na ukisema "ongeza kidogo, kiwe kikubwa," usidhani zinaongezeka mbao peke yake. Miguu inazaliana chini huko.

Lakini gharama kubwa kuliko zote, Kaka, sikuipata kwenye mbao wala kwenye zege. Ni wewe. Fundi akisikia tu kuwa una kaka nje ya nchi, mbao ile ile, kutoka mti ule ule, inapanda bei ikiwa imelala palepale. Hata Bi Randa alipokuja kuitupia jicho ile picha akaanza kukuna shingo. Nikaona nisipochukua hatua tutajenga kwa bei ya ghorofa. Nikasema umefukuzwa kazi.

Tulia kwanza. Nilisema polepole, kwa huzuni ya kawaida. Bei ilishuka palepale. Shida ni kwamba maneno hayakubaki kwenye maghala ya mbao. Mama Mdogo amekufumia soksi, amesikia unalala stesheni. Baba Mkubwa amekutafutia kazi ya kulinda ghala la simenti na ameshawaambia unaripoti Jumatatu. Wakikupigia kukupa pole, ipokee, usiniumbue. Mshahara wenyewe si mbaya.

Pesa uliyotuma mara ya pili, ile ya kweli, ilikuwa friji nne na nusu. Ilimaliza miguu, mbao za juu na ufundi. Kibaraza kimesimama, Kaka. Mlango na mbao viko sawa, hata kizingiti kilikatwa, huwezi kujikwaa hata ukitaka.

Siku ya kwanza Mama alisimama mlangoni akachungulia zile mbao kama anayechungulia sufuria la mwenzake. Nikamshika mkono. Akaniambia, "Niachie, unanitetemesha." Aliyekuwa anatetemeka ni mimi. Nikamwachia. Akaweka fremu nje, akaweka mguu, akaweka na mwingine. Mbao zilitoa sauti, na yeye akazijibu, "Eeh, nimekuja." Alitembea mpaka mwisho. Upepo ukamchukua upindo wa kanga. Mimi nilikuwa nimejiandaa, nilijua atalia au atashukuru, nami nitalia. Akasimama, akatazama kamba ya nguo, akasema, "Nani kaanika shuka hizi? Zimekaa kama mtu asiye na kwao."

Ni mimi niliyezianika. Nililia hata hivyo.

Alikaa nje mpaka jua lilipotuacha. Akawafokea kuku, na safari hii waligeuka.

Hapo ndipo tulipofika, na hapo ndipo kwenye tatizo. Alichonacho Mama ni kisiwa. Anatoka mlangoni, anafika mwisho, anageuka, anarudi. Hakuna ukingo wa kumzuia asianguke na hakuna pa kushukia. Shemeji yako amezungusha kamba ya nguo kwenye nguzo na kuiita ukingo wa muda. Kamba hiyo ingeweza kumzuia kipepeo, tena aliyechoka. Kwa hiyo Mama akiwa nje, mimi niko nje, na pacha nao nimewafunga kanga kiunoni nimezishika ncha kama mpanda farasi. Chakula kinaungua ndani.

Na Mama hakai tena kwenye kiti. Miguu imekumbuka. Kila siku anafika mwisho wa mbao, anatazama matuta yake kule chini, anasema magugu yanamcheka. Jumanne niliingia ndani mara moja tu kutoa sufuria motoni. Nilipotoka, ameinua kamba ya shemeji yako, miguu miwili ya fremu ameshaiteremsha kwenye ngazi ya Baba iliyobaki pembeni, na yeye mwenyewe ameinama kuifuata. Nilipiga ukelele uliomfanya fundi cherehani ajitoboe kidole. Nikamkumbatia kiunoni, nikamrudisha nyuma. "Mama! Ulikuwa unaenda wapi?"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyekosa. "Kwani dunia imeishia hapa?"

Niliipandisha fremu yake, nikaifunga kamba upya. Sikulala vizuri siku hiyo, Kaka, na si kwa ajili ya pacha.

Sasa nakuomba, na mkubwa haambiwi hapana, lakini nitakuambia hapana. Ulisema safari hii unataka tuongeze ukubwa, tuweke taa za kuning'inia na mwavuli mkubwa, na ngazi nzuri za mbao kama kwenye picha. Taa zitamwonyesha vizuri mahali anapoangukia. Mwavuli wa nini, wakati mtu amekaa mwaka mzima ndani akilitamani jua? Na ngazi hata zikipakwa dhahabu ni ngazi. Mama hataki kushuka kwa uzuri. Anataka kushuka.

Anachohitaji ni mteremko. Nimeuliza na kuuelewa pia. Mteremko mfupi ni rahisi, lakini huo ni mtelezo, utampeleka kwenye matuta kabla hajaamua. Unatakiwa uende mbali na kushuka kidogo kidogo, upite kando ya ukuta wote wa nyumba, ukate kona, uwe na mahali pa kupumzikia katikati, na ukingo wa kushikia pande zote. Kwa sababu ya urefu huo ni ghali kuliko ngazi, hata Bi Randa aliniambia huku amejiandaa kukimbia. Najua unavyofanya kazi huko mpaka unasinzia kwenye basi, wifi aliniambia. Nisingekuomba kama ningeweza kumkataza Mama. Siwezi. Wewe unaweza? Basi.

Picha utapata. Mwambie wifi nitaipiga siku Mama atakapong'oa gugu la kwanza kwa mkono wake, na mtamwona kwa nyuma tu, kwa kuwa ukimwambia ageuke atakupa kazi.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie sabuni ya kunukia ilikuwa wazo langu, asikucheke peke yako. Mbusu binti kwa niaba ya pacha, ambao wangembusu wenyewe lakini midomo yao haifai kwa sasa. Mama Mdogo anakusalimu na soksi zake. Baba Mkubwa anakusalimu, anasema usichelewe Jumatatu. Fundi cherehani anauliza kama umepata joto. Shemeji yako amekohoa, na baada ya kukohoa anakusalimu.

Mama amesema nikuandikie kuwa amekula, na wewe ule.

Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe mgongo usiouma na jioni za kupumzika, na siku utakayogonga mlango huu ikukute una nguvu za kuchukua jembe, maana utapewa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukubishia,

Mama Pacha.

Mahitaji yaliyobaki, ili usiniulize kwenye simu:

Pesa ya mteremko, nguzo zake na ufundi wake vikiwemo: friji moja na nusu.

Pesa ya ukingo, wa kibaraza na wa mteremko: friji moja. Ukingo uanze kabla ya mteremko. Ukiweza kutuma kidogo tu, tuma cha ukingo.

Mafuta ya kupaka mbao: bei ya pasi moja, na kila mwaka tutapaka tena, shemeji yako ameahidi mbele ya mashahidi.

Skrubu zisizoshika kutu, za urefu wa kidole changu cha kati, makopo mawili. Huku zipo lakini zinauzwa kama hereni. Mtu akija, mpe.

Raba za chini za miguu ya fremu ya Mama, nne, za kipimo cha bomba nilichokuchorea nyuma ya karatasi hii. Huku hatujazipata. Zile alizokuja nazo kutoka hospitali zilikaa mwaka mzima mpya kabisa. Tangu atoke nje zimelika zote, moja imetoboka mpaka chuma. Fanya haraka na hizo.